Hewa ukaa kwenye kitalu nyumba: ya kununua au ya dirishani?

Mkulima wa nyanya kwenye kitalu nyumba huwaza maji, mbolea na dawa. Hewa haimjii akilini mpaka maua yaanze kupukutika.

Hewa ya nje ina hewa ukaa (kaboni dioksidi, gesi ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula) sehemu 420 hivi kwa kila milioni. Kitalu kilichosheheni mimea kikifungwa asubuhi ya jua, majani huila upesi, na kiwango kinaweza kushuka hadi 200. Maji yapo, mbolea ipo, mmea unashinda njaa.

Waholanzi hawangoji hali hiyo. Wengi hupandisha kiwango hadi 800 au 1,000, na tangu 2005 lipo bomba linalowaletea hewa ukaa kutoka viwanda vya Rotterdam. Huku kwetu, shamba la waridi la Oserian, Naivasha, lilitumia kisima cha mvuke wa ardhini cha Olkaria: joto la kupunguza unyevu usiku, hewa ukaa ya kulisha maua. Hesabu hiyo inalipa pale gesi iko karibu, na kitalu nacho hukaa kimefungwa. Morogoro, ambako adhuhuri ndani kunachemka, lazima ufungue, na gesi uliyoinunua inatokea juu na pesa yako.

Kwa mkulima mdogo, basi, mimi niko upande wa dirisha: lifunguliwe, hewa ya nje irudishe hewa ukaa iliyoliwa. Si kwamba halina gharama. Nzi weupe nao huingilia hapo hapo, na wavu wenye matundu madogo ya kuwazuia hupunguza upepo. Ukiweka wavu huo, ongeza ukubwa wa dirisha. Na liwe juu, maana hewa ya moto hupanda.

Ila ninaowahofia zaidi ni wa Njombe na Limuru. Wa joto hufungua wapende wasipende. Wa baridi hulinda joto mpaka saa nne, plastiki inadondosha matone juu ya majani, ukungu unashangilia, na zile saa nzuri za jua zinapita mmea ukiwa hauna cha kula. Kufungua kidogo mapema kunawafaa. Samadi iliyoiva vizuri nayo hutoa hewa ukaa inapoendelea kuoza. Mbichi hutoa amonia, gesi kali inayounguza majani.

Kuna wanaoingiza jiko la mkaa wapate joto na hewa ukaa kwa mpigo. Kwenye kitalu kilichofungwa, jiko hilo hutoa pia monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, inayoua mtu. Nyanya nazo haziponi: moshi wa jiko una gesi ya ethilini, na ethilini hudondosha maua.