Usinitolee karatasi ya Februari

Juzi nimeshtakiwa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mwenye ploti, huko kuelekea Ahero, alichomoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya boneti ya gari na kunigongea kidole kwenye safu ya mapigo. "Injinia, si wewe uliandika? Kumi na nane. Ishirini na mbili. Hii ni mwamba! Futi mbili za msingi zatosha, pesa inayobaki tuongeze ghorofa."

Kwanza, mimi si injinia. Mimi ni yule anayeinua nyundo, kupigilia koni ya chuma ardhini, na kuhesabu mapigo ili kujua udongo wa ploti ni mgumu kiasi gani. Pili, mzee, tazama tarehe hapo juu. Tulipima Februari.

Mtu wa uwanda wa Kano, huku kwetu Kisumu, hahitaji kuelezwa Februari ni nini. Udongo mweusi umekauka ukapasuka, nyufa zinameza kandambili za watoto. Siku kama hiyo unashusha koni, nyundo ya kilo 10 inadondoka sentimita 50, tena na tena, na wewe unahesabu ni mapigo mangapi yameizamisha sentimita 10. Mabega yanawaka. Kijana wangu anaomba maji kabla hatujamaliza nusu mita. Namba ni tamu, landilodi anatabasamu, kila mtu anakwenda kula samaki.

Sasa rudi Mei, ploti ileile, hatua mbili tu kutoka tundu la kwanza. Koni inazama kama mwiko kwenye uji. Mapigo mawili. Matatu. Mahali pengine unaiachia nyundo mara moja tu na sentimita kumi zimeisha. Ardhi ni ileile na vyuma ni vilevile. Kilichoongezeka ni maji. Sasa niambie, nyumba yako itasimama Februari peke yake?

Hapo ndipo hasira yangu inapopanda, kwa sababu hata hizo namba za Mei hazimalizi mambo. Nyundo inajua swali moja: leo, mahali hapa, udongo unagoma kiasi gani? Haiulizi utavimba kiasi gani ukinywa maji, wala utasinyaa vipi kiangazi kikirudi. Na sisi wa huku tunajua nyumba zinazopasuka si zile tu zilizozama. Kuna vijumba vya chumba kimoja, vyepesi kabisa, ambavyo udongo umeviinua upande mmoja hadi mlango haufungiki. Uzito haukuwepo wa kuukandamiza. Utapiga mapigo elfu moja na hutaliona hilo, kwa sababu koni haikuletei hata kiganja cha udongo. Ni lazima mtu achimbe shimo, atoe sampuli, ipelekwe maabara, na injinia mwenyewe, si mimi, aamue msingi unakwenda hadi wapi. Shimo hilo ndilo mzee alilokataa kulipia. Alisema mashimo anayo, ya choo.

Na bado kuna ujanja wa udongo wa mfinyanzi. Fimbo za chuma zinazoisukuma koni zikishuka mita tatu, nne, udongo unazikumbatia ubavuni, mapigo yanapanda, mgeni anashangilia kuwa amefika pagumu. Hajafika popote. Ndiyo maana tunazizungusha kwa spana kila mita, tusikie zinavyoshikwa. Nimeona wenzetu wasiozungusha. Ripoti zao hupendeza sana.

Haya, nitakubali, maana ndiyo inayonilisha: chombo hiki kina heshima yake. Kinaingia kwenye vichochoro vya mtaa wa Nyalenda, Kisumu mjini, ambako lori la kuchimba lingekwama kwenye kona ya kwanza. Kwa siku moja unaweza kupima sehemu kadhaa za ploti na kujua kifusi kilichomwagwa kinaishia wapi, na kama chini ya tabaka gumu kuna laini lililojificha. Kule Nakuru, kwenye majivu ya volkano, nimeshika fimbo ikashuka yenyewe bila pigo, na nywele zikanisimama; waliouona mpasuko wa barabara ya Mai Mahiu mwaka 2018 wanaelewa. Hapo chombo kilifanya kazi yake: kilituambia tusimame, tuchimbe tuone.

Kwa hiyo sina ugomvi na nyundo. Ugomvi wangu ni na mtu anayechukua jibu la swali moja na kulibandika kwenye maswali matano, halafu anasema "injinia ameandika".

Nilimwambia mzee asimwage zege kabla ya shimo kuchimbwa. Akamwita fundi wake. Fundi akapiga kisigino chini mara mbili, akatema mate pembeni, akasema iko sawa.

Jana usiku mzee amenipigia simu, sauti ya upole kabisa. Anauliza kama naweza kumwandikia ile karatasi upya, namba zibaki zilivyo, ila pale juu pasomeke Mei.