Baruti kidogo au baruti tele katika ganda la .38 Special

Pauni moja ya baruti ina greni 7,000 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Wamarekani wanaojaza risasi za bastola wenyewe nyumbani huipiga hesabu hii mapema, kwa sababu baruti inayoungua upesi, kama Bullseye, hutumika kidogo mno. Risasi ya shabaha isiyo na nguvu nyingi ya .38 Special, aina ya risasi ya rivolva, haifikishi hata greni 3 za baruti, kwa hiyo pauni moja hutoa risasi zaidi ya 2,300.

Faida haiishii kwenye bei. Baruti ya aina hii huungua vizuri hata shinikizo likiwa dogo, bastola haimtupi mtu mkono, na chembe zake ndogo hupita kwenye kipimio, kifaa cha kugawia baruti, bila kukwama. Anayeitetea ana hoja nzito, nami siipuuzi.

Tatizo liko kwenye ganda lenyewe, yaani kikopo kinachobeba baruti na kushika kichwa cha risasi. .38 Special ilibuniwa na Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19, enzi za baruti nyeusi iliyolijaza. Baruti ya kisasa hukaa chini kabisa, na sehemu kubwa ya ganda hubaki tupu. Ukisahau ukamimina mara mbili, kichwa cha risasi bado kitaingia na kukaa sawasawa, na kwa nje hutaona tofauti yoyote. Kikomo cha shinikizo kilichowekwa na SAAMI, taasisi ya Marekani ya viwango vya silaha na risasi, kwa .38 Special ya kawaida ni 17,000 psi (pauni kwa inchi ya mraba). Kipimo cha baruti kikirudiwa, shinikizo halirudiwi mara mbili tu; hupanda kwa kasi kubwa zaidi, na rivolva inaweza kupasukia mkononi.

Wengine basi huchagua baruti yenye ujazo, kama Unique, ambayo vipande vyake bapa huchukua nafasi kubwa ndani ya ganda, hivyo kosa huonekana kwa urahisi zaidi. Gharama yake ipo: pauni huisha mapema, vipande hivyo havishuki kwa usawa kwenye kipimio, na risasi zisizo na nguvu nyingi huacha masizi mengi.

Watetezi wa Bullseye husema kosa ni la mtu, si la baruti: mulika taa ndani ya kila ganda kabla ya kuweka kichwa. Ni kweli. Lakini jicho lililokagua ganda la kwanza si lile linalokagua la mia tatu. Kwa anayeanza, ningeshauri baruti yenye ujazo, pamoja na ubao wa maganda 50 yanayoonekana yote kwa pamoja chini ya taa. Kwenye risasi ya bastola ya 9mm hoja hii hupungua nguvu, maana ganda ni fupi na nafasi ni finyu.

Kichwa nacho hubadilisha hesabu. Kile cha greni 148 chenye uso bapa hukata tundu safi kwenye karatasi, na alama husomeka bila ubishi. Ila huzamishwa ndani ya ganda na kupunguza nafasi ya baruti. Kukibadilisha kwa kingine cha uzito uleule lakini kirefu zaidi, huku kipimo kikiachwa kilekile, ni kosa la hatari. Katika mashindano ya USPSA, chama cha ulengaji shabaha cha Marekani, nguvu ya risasi hupimwa kwa kuzidisha uzito kwa mwendo: kichwa cha 9mm cha greni 147 kwa futi 900 kwa sekunde, ukigawa kwa 1,000, kinatoa 132, juu ya kima cha chini cha 125. Cha greni 115 huhitaji takriban futi 1,090 kufika 125, na wengi huona cha kwanza hupiga mkono kwa upole zaidi.

Madini ya risasi (lead), yanayotengenezewa vichwa, ni rahisi kununua lakini ni sumu. Kuvika kichwa shaba hupunguza vumbi lake, ila fataki nyingi, yaani viwashio vya kwenye kitako cha ganda, nazo zina madini hayohayo, kwa hiyo kunawa mikono hakuepukiki.

Tangu uhaba wa baruti wa 2020, wapo wanaonunua kopo lolote linalopatikana, kisha kukopa kipimo cha baruti iliyo jirani kwenye jedwali la kasi ya kuungua. Hapa sina pande mbili za kupima. Jedwali hilo huonyesha mpangilio tu. Kipimo hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji, kwa baruti hiyo na kichwa hicho, ukianzia kile cha chini.