Wazazi waliokuwa kimya kwenye grupu

Watoto waliokuwa Gredi ya 1 shule zilipofungwa Machi 2020 sasa wako sekondari msingi, na kwenye vikao vya wazazi hapa Mombasa bado wana jina lao: watoto wa korona. Jina hilo hutajwa mtoto akishindwa kusoma aya moja ya Kiingereza bila kukwama, na nyuma yake hufuata shutuma ambayo nimeisikia Kisauni, nikaisikia Changamwe, na ng'ambo ya Likoni vilevile. Walimu walijitahidi, wazazi walilala. Kazi ilitumwa kwenye grupu la WhatsApp, tiki za buluu zikaonekana, kisha kimya.

Walimu hawakuizua hoja hii. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule Jumapili ya Machi 15, siku mbili tu baada ya kisa cha kwanza kuthibitishwa nchini, na kesho yake shule za kutwa zikawa zimefungwa. Walimu wengi hawakuwahi kufunzwa namna ya kufundisha kwa simu. Hata hivyo wengi walifungua magrupu, wakanunua bando kwa pesa zao, na wale wa shule za kibinafsi walifanya hivyo huku mishahara imekatwa au imesimama kabisa, kwa kuwa karo haikuwa ikiingia. Mwalimu aliyelipelekea darasa zima kazi ya Hisabati akarudishiwa daftari tatu zilizopigwa picha ana haki ya kuudhika. Na tusidanganyane: wapo wazazi waliokuwa na simu janja na bando, lakini bando hilo lilikuwa la mpira na video. Wapo ambao sauti yao ilisikika kwenye grupu mara moja tu, wakiuliza kama karo itapunguzwa.

Tena walimu walifungwa mikono. Marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alipotaka wawafuate watoto mitaani kwa mafunzo ya kijamii kuanzia Septemba mwaka ule, Mahakama Kuu ilisimamisha mpango huo. Kwa hiyo anayesema shule hazikufanya lolote anawaonea.

Ila mjadala huwa unakomea hapo. Mzazi anahukumiwa kwa kimya chake, na hakuna anayeuliza kimya kile kilitoka wapi.

Mwaka huohuo wa 2020 shirika la Usawa Agenda lilichunguza hali ya masomo ya mbali nchini na kukuta kwamba, kwa wastani, watoto 22 kati ya 100 ndio waliokuwa wakiyafikia masomo kwa njia za kidijitali, na kwamba mtoto wa shule ya kibinafsi alikuwa na nafasi mara mbili ya mwenzake wa shule ya umma. Nambari hii imenukuliwa sana, halafu ikapitwa haraka. Mimi siwezi kuipita. Chukua darasa la watoto 50 na ulifanyie wastani huo: 11 wako ndani, 39 wako nje ya mlango. Sasa msikilize mwalimu mkuu anayesema, kwa nia njema kabisa, "tulifanya kazi na wazazi walioshirikiana." Anawazungumzia wale 11. Wale 39 hawakukataa kushirikiana, maana kukataa kunahitaji kwanza uwe umeitwa ukasikia.

Na hao 22 ndio kiwango cha juu, si cha chini. Kuyafikia masomo si kujifunza. Mtoto aliyetazama kipindi cha televisheni nusu saa kwa jirani, amesimama dirishani, naye ameyafikia. Angalia pia vifaa vyenyewe. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba nyumba zenye televisheni nchini zilikuwa takriban 41 kati ya 100, na zenye redio, ukiacha ile ya simu, takriban 57. Redio ndiyo iliyokuwa lango pana kuliko yote, na bado nyumba zaidi ya 40 katika kila 100 hazikuwa na lango hilo. KICD, taasisi ya kukuza mitaala, ilipopeleka masomo kwenye redio za KBC na televisheni ya Edu Channel ilifanya jambo la maana, ila ilikuwa ikizungumza na watu ambao wengi wao hawakuwa na cha kusikilizia.

Utasema kila mtu ana simu. Naam, lakini ya aina gani, na iko wapi saa mbili asubuhi? Kisauni namjua mama aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi barazani. Nyumbani mlikuwa na simu mbili: kabambe yake, ile simu ndogo ya vibonye, na simu janja ya mumewe, mwendesha tuktuk, aliyeihitaji kazini kwa sababu wateja wake walikuwa wakimpigia na kumlipa kwa M-Pesa. Simu hiyo ilitoka nyumbani alfajiri. Kazi ya Gredi ya 2 ilitumwa saa mbili asubuhi, ya Darasa la 5 saa tatu, na ya Kidato cha 1 wakati wowote mwalimu alipojaaliwa. Kafyu ilikuwa ikianza saa moja jioni, kwa hiyo baba alirudi karibu na saa hiyo, chaji imebaki kidogo, na watoto watatu wanaigombania simu moja yenye ujumbe zaidi ya mia, nusu yake salamu za "amina" na picha za maua. Zile tiki za buluu? Ni baba, kwenye stendi, akifungua grupu kutazama kama kuna habari ya shule kufunguliwa.

Biashara ya mahamri yenyewe ilikuwa imekufa. Anayeuza mahamri huamka saa tisa au saa kumi, hodi ya kwanza hupigwa gizani, na kafyu ya mwanzo ilikuwa haimruhusu mteja kutoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Huo ni mfano mmoja wa mji mzima. Hoteli za Nyali na Bamburi zilifunga milango, wahudumu wakapewa likizo isiyo na malipo. Kuanzia Aprili 8 hadi mapema Julai hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka kaunti hii. Mwezi wa Mei Mji wa Kale ukazungushiwa vizuizi, watu wa Kibokoni wasivuke kwenda soko la Marikiti. Mzazi wa Mombasa miezi hiyo alikuwa akitafuta unga, na grupu la darasa lilikuwa likimwambia apige picha daftari, "picha iwe wazi tafadhali."

Lakini umaskini si jibu lote, na hapa ndipo ninapotofautiana hata na wale wanaowatetea wazazi kwa kuwaonea huruma tu. Mzazi wa Mombasa anajua kushirikiana na mwalimu, na kabla ya simu alikuwa akijua. Mtazame na mwalimu wa chuo cha Kurani. Mtoto hurudi kutoka madrasa, na baada ya Magharibi mama humwambia, haya nisomee ulichopewa leo. Mama huyo pengine hajui maana ya neno hata moja la Kiarabu, ila sikio lake linajua mtoto anapojikwaa, na asipofika mwisho wa sura hatapelekwa mbele. Mwalimu hakumtaka mama afundishe. Alimtaka asikilize, na kusikiliza anakuweza.

Shule ilimtaka nini? Ilimtaka aeleze sehemu za mmea kwa Kiingereza, asahihishe, apige picha, atume. Baba anayesoma gazeti la Kiswahili mwanzo hadi mwisho aligeuzwa kuwa mjinga mbele ya mwanawe. Angeliambiwa, msikilize akisoma ukurasa mmoja wa Kiswahili kila jioni, kisha nitumie neno moja tu, "amesoma", hata kwa kabambe, ningekuwa na nguvu ya kumlaumu asipofanya.

Wapo walimu walioliona hili wenyewe. Mmoja wa shule ya umma, upande wa Likoni, aliacha grupu na kuanza kupeleka makaratasi dukani kwa Mmanga wa mtaa. Mzazi akija kununua sukari ya kupima alipewa na karatasi ya wiki, na Ijumaa zilizojazwa zilirudi palepale, nyingine zikiwa na alama ya mafuta ya taa. Hakuzipata zote. Alipata nyingi kuliko alizokuwa akipata kwa simu, na muuza duka akawa anamwambia ni nyumba gani imehama na mtoto gani amepelekwa kwa bibi yake Kwale. Grupu halikuwahi kumpa habari hizo.

Mtu atauliza faida ya kuyafukua haya sasa, wakati shule zote zilifunguliwa tangu Januari 2021. Faida ni kwamba grupu halijafungwa. Mtaala wa umilisi, CBC, umeifanya nyumba kuwa nusu ya darasa, nami siupingi kwa hilo. Lakini ujumbe bado unakuja vilevile: saa tatu usiku, mtoto aje kesho na picha ya mnyama wa porini, iwe ya rangi. Saiba za kuchapishia zimefunga. Asubuhi mtoto anaingia darasani mikono mitupu, na mwalimu anaandika kwamba mzazi hashirikiani.

Fomu ya kumsajili mtoto inauliza jina la mzazi, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu. Haiulizi simu hiyo ni ya aina gani, hurudi nyumbani saa ngapi, wala nani pale nyumbani anaweza kukaa na mtoto jioni, awe nyanya, kaka au binti wa jirani. Ni maswali matatu, na yangeweza kuongezwa kwenye fomu hiyo muhula ujao. Mwalimu atanijibu kwamba ana watoto 60 na hawezi kuipangia kila nyumba saa yake. Hilo ni kweli. Ila ni malalamiko ya kupelekewa TSC, tume inayowaajiri walimu, na wizara, na mara nyingi yanamwangukia mama wa mahamri kwa sababu ndiye aliyekaa mbele yake kikaoni.