Barua pepe ya shangazi iko steshenari

Nyumbani Tanzania kuna imani kwamba Mzungu hatapeliwi kizembe. Amesoma, kompyuta amezaliwa nayo, pesa yake iko benki yenye ulinzi wa kila aina, sasa atapeliwe na nani? Mimi kazi yangu ni kulea wazee hapa Leicester, napita nyumba hadi nyumba na dawa zao na chai zao, na nawahakikishia kwamba wanalizwa. Kwa England na Wales utapeli ni takriban asilimia 40 ya makosa yote wanayofanyiwa watu, na mwaka 2024 peke yake mabenki yalihesabu zaidi ya pauni bilioni 1 zilizoibwa kwa njia hiyo. Mwalimu mstaafu, mhandisi wa reli, watu waliosoma kuliko ukoo wangu mzima, anawapigia mtu mwenye sauti ya upole, anajiita afisa wa benki, anasema akaunti yako imeingiliwa, hamishia pesa kwenye akaunti salama tuliyokufungulia. Wanahamisha, tena wanamshukuru.

Kwa ujanja wa mtaani naweka dau langu kwa mama ntilie wa Kahama kabla ya profesa wa huku. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" anaifuta huku mwiko uko mkono mwingine. Mwenye nyumba anayedai kodi ilhali yeye anaishi kwake, anacheka. Ya mwalimu wa bweni anayesema mwanao ameanguka ghafla, tuma ya hospitali haraka, hiyo humshtua kidogo, lakini naye kajifunza kumpigia kwanza matroni. Miaka yote hii tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, watu wetu wamesomeshwa na matapeli wenyewe, na ada wamelipa.

Kwa hiyo nikisema huku wametuzidi, sisemi wametuzidi akili. Wametuzidi kwenye mambo mawili, na moja tu ndilo la elimu.

La kwanza nalipitia haraka kwa sababu ni la sheria. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mtu wa huku akidanganywa mpaka akatuma pesa mwenyewe kwa mkono wake, benki inatakiwa kumrudishia, mpaka pauni 85,000, na gharama hiyo wanagawana nusu kwa nusu benki iliyotuma na iliyopokea. Mara benki zote zikawa na uchungu na pesa za watu. Ukituma kiasi kikubwa unaulizwa maswali kama unaposa: unamfahamu huyu mtu, kuna aliyekupigia simu, kuna aliyekuambia utudanganye? Kwetu ukishalizwa unaambiwa nenda polisi kachukue RB, ile namba ya taarifa yako. Ukiwahi huduma kwa wateja pesa ikiwa bado haijatolewa, una bahati. Ikishatolewa kwa wakala, basi, sadaka.

Na msidhani kila kizuri kimeanzia huku. Sisi jina la mpokeaji tunaliona kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri, hata kwenye kiswaswadu cha elfu thelathini. Mabenki ya Uingereza yalianza kulinganisha jina na namba ya akaunti mwaka 2020! Mpaka hapo ungeweza kuandika jina la malaika na pesa ikaenda kwa shetani, alimradi tarakimu ni zake. Matapeli wetu walishapata dawa ya jambo hilo zamani, ndiyo maana meseji zao humalizia na "jina litakuja la fulani". Wanakuandaa ulione jina geni usishtuke.

La pili ndilo linaloniuma, nalo ni elimu ya kompyuta.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kompyuta wa Wizara ya Fedha kwenda mrama. Mwaka 1982 BBC ilikuwa inawafundisha Waingereza kompyuta kwenye televisheni, na mashine yenye jina la shirika hilo ikasambazwa mashuleni, wakati huo Tanzania Bara haina hata kituo kimoja cha televisheni. Mzee wa hapa wa miaka 75 aliiona kompyuta akiwa kijana kazini. Shangazi yangu wa umri huohuo ameikuta simu janja mkononi mwa mjukuu. Hilo si kosa la mtu aliye hai leo, na silitaji ili kulalamika.

Ninacholalamikia ni tulichokifanya kompyuta zilipofika. Shuleni kwetu zilikuwepo, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, na ufunguo wa chumba uko kwa mkuu wa shule. Mwalimu alichora kompyuta ubaoni kwa chaki: monita, kibodi, mausi, sipiyu. Tukakariri vizazi vya kompyuta, cha kwanza mpaka cha tano. Tukakariri kwamba baba wa kompyuta ni Charles Babbage. Mtu alipata A bila kuigusa mashine, na hakuna aliyeshangaa. Mpaka leo ukienda kozi fupi za mtaani, za wiki sita na cheti chenye muhuri mwekundu, unafundishwa kupiga herufi ziwe nene na kuchora jedwali. Barua pepe unafunguliwa na mwalimu mwenyewe ili darasa liende mbele.

England walibadili mtaala Septemba 2014, kompyuta ikawa somo tangu mtoto ana miaka mitano. Ndani yake wameandika kabisa kwamba mtoto wa miaka mitano mpaka saba afundishwe kutunza taarifa zake binafsi na ajue aende kwa nani akikutana na kitu kinachomtia wasiwasi mtandaoni. Kijana wangu wa darasa la pili juzi kanikatalia kuandika tarehe yake ya kuzaliwa kwenye mchezo wa simu. "Baba, hawa wanaitakia nini?" Nikaishia kuutafuta mchezo mwingine. Mtu mzima ambaye hajui kutumia kompyuta naye ana haki ya kusoma bure cheti chake cha kwanza cha stadi hizo, tangu Agosti 2020, na kwenye maktaba ya mtaa kuna siku mtu wa kujitolea anakaa na wazee, kila mmoja na simu yake na shida yake.

Wana upuuzi wao pia, nisiwapambe. Kazini kila mwaka tunapewa mafunzo ya usalama wa taarifa kwenye skrini, na ninavyoona kila mtu anabonyeza mbele, mbele, mbele, akila sandwichi, mwisho anapata asilimia mia. Halafu kuna mtindo wa ofisi kuwatumia wafanyakazi barua pepe za uongo ili kuwanasa, na aliyenasa anaitwa pembeni kama mwizi wa kuku. Huyo kesho akinaswa kweli atanyamaza. Kumfundisha mtu kwa kumwaibisha ni kumfundisha kuficha.

Sasa nije kwa shangazi. Anauza vitenge Kahama, biashara nzuri, ana wateja mpaka Tabora wanaotumiwa picha kwa WhatsApp. Simu ikaibiwa sokoni. Akanunua nyingine, laini akairudisha siku hiyohiyo, lakini namba za wateja na picha za mzigo zote zilikuwa kwenye akaunti ya Google, na simu mpya inadai paswedi. Akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hebu niambie, paswedi yangu ni ipi?"

"Mimi nitaijuaje shangazi? Uliifungua wewe."

"Nifungue mimi? Alinifungulia yule kijana wa steshenari, nilipokuwa nafuatilia TIN."

Tukamtafuta kijana. Kahamia Geita. Kumbe barua pepe zote alizowafungulia wateja alikuwa anaweka paswedi moja, jina la mji na mia moja ishirini na tatu, ili asiwasahaulie. Kwa shangazi hata hiyo ilikataa, huenda mtu aliibadilisha, haijulikani. Tukaomba kuweka mpya, Google ikasema tunatuma tarakimu za uthibitisho kwenye namba inayoishia na saba mbili. Namba hiyo si ya shangazi. Ni ya kijana, aliiandika siku ile kwa sababu simu ya shangazi ilikuwa imezima chaji. Na laini yenyewe keshaitupa.

Kijana si mwizi, ni mstaarabu kabisa, alitusaidia kwa moyo. Steshenari nyingi ziko hivyohivyo. Kaa kwenye lile benchi dakika kumi utazame skrini: cheti cha kuzaliwa cha fulani, kitambulisho cha NIDA cha mwingine, "CV MPYA FINAL 2", barua ya mkopo wa chuo, vyote vimetapakaa hapo usoni, na kila flashi inayochomekwa inaondoka na virusi vya mwenzake. Maombi ya ajira, mikopo ya wanafunzi, leseni, vyote vinapita mikononi mwa vijana hawa. Wao ndio walimu wa kompyuta wa taifa, na hakuna aliyewahi kuwaambia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, tume yake ipo. Nenda kamuulize mwenye mashine ya fotokopi kama anajua kwamba inamhusu.

Yule bibi mwalimu mstaafu ninayemhudumia hapa ana daftari la paswedi, limeandikwa kwa kalamu ya wino, liko kabatini nyuma ya sukari. Nilidhani ni ushamba. Kumbe hata kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha Uingereza kinakubali: andika, ukiweza kulitunza daftari nyumbani. Mwizi wa mtandaoni hafungui kabati la sukari. Steshenari nako kuna daftari, ila liko kaunta, na lina paswedi za mtaa mzima.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, wana kampeni yao ya Sitapeliki, naiunga mkono, na ile ya kutuma namba ya tapeli kwenda 15040 nimewafundisha ndugu zangu wote. Lakini kampeni zote zinatufundisha kumshuku mtu anayepiga simu, kitu ambacho mama ntilie anakijua tayari. Haijafundishwa bado kwamba akaunti ni mali kama kiwanja: ina mwenyewe, ina hati, na asiyeshika hati si mwenyewe. Nani ana paswedi, namba gani imeandikwa ya kurudishia, simu ikipotea unaanzia wapi. Hapo ndipo tunapolizwa siku hizi, na hakuna sauti ya upole inayohitajika.

Mtu atasema basi wenye steshenari wasomeshwe kwanza ndipo wapewe leseni. Mimi sitaki. Tunajua leseni mpya inavyoishia, kijana atatoa kitu kidogo, cheti kitabandikwa ukutani, na kazi itaendelea kama jana. Ningependa kampuni za simu, zinazokula makato kwenye mamilioni ya akaunti za pesa, ndizo zigharamie. Mtandao wa mawakala wanao tayari mpaka vijijini, na nusu ya steshenari zenyewe zinatoa na kuweka pesa. Wakiweza kuwapelekea mwavuli na fulana, wanaweza kuwapelekea na mafunzo ya siku moja na bango la Kiswahili chepesi: mteja aandike paswedi yake mwenyewe, namba ya kurudishia iwe yake, faili lake lifutwe akiona. Kijana alipwe chochote kwa kila mteja anayemfungulia hivyo. Bila hela hatafanya, na simlaumu, foleni ni ndefu na umeme wenyewe unakatika.

Sisi wa nje nasi tuna letu. Tukienda likizo tunabeba viatu na manukato, na tunagawa simu za mitumba tulizoachana nazo, mara nyingine akaunti zetu bado zimo. Kaa na mama yako nusu saa. Mpigie *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, maana wale wasajili laini wa miavuli kuna waliowabonyezesha watu dole mara mbili tatu wakidai halisomi. Muwekee namba ya siri ya pili ya WhatsApp, ile ya tarakimu sita, aichague yeye. Kwa paswedi ya barua pepe, huku wanashauri maneno matatu yasiyohusiana, na Kiswahili kinakubali vizuri sana: shangazi alichagua yake matatu, moja ni tusi dogo la Kisukuma, akacheka mpaka machozi, na hajaisahau. Wateja wake amewakusanya upya mmoja mmoja kwa kuwaombea namba sokoni. Wa Tabora bado hawajatimia.