PhD tumeshasukuma, sasa nani anakaa darasani na mhadhiri?

Vyuo vikuu vya makanisa hapa Uganda vimekua, hilo halina ubishi. UCU, yaani Uganda Christian University ya Kanisa la Anglikana pale Mukono, ilizaliwa 1997 kutoka chuo cha theolojia cha Bishop Tucker kilichokuwepo tangu 1913, na 2004 ikawa chuo binafsi cha kwanza kupewa hati rasmi ya chuo kikuu (charter) na serikali, Wakatoliki nao walishaanza chuo chao cha Uganda Martyrs pale Nkozi 1993. Siku hizi kilio kikubwa ni PhD, mhadhiri asome PhD, na mimi siwalaumu wakubwa, maana NCHE, baraza la taifa linalosimamia vyuo vikuu, ikija kukagua programu inauliza kwanza nani ana digrii gani, na kelele za 2023 za programu ambazo muda wa ithibati yake ulikuwa umeisha tulizisikia wote, hata Makerere ilitajwa.

Lakini PhD inakufundisha kutafiti. Kufundisha je? Ingia darasa lolote saa nane mchana uone, mhadhiri anaomba sala fupi, anawasha projekta, anasoma slaidi neno kwa neno, wanafunzi wanapiga picha kwa simu, saa mbili zinakatika bila swali hata moja. Halafu tunasema hapa imani na elimu vinakwenda pamoja kwa sababu aliomba!

Watu wanapenda kubishana kama kiongozi awe mchungaji au msomi. Pale UCU mkuu wa kwanza, Stephen Noll, alikuwa mtheolojia kutoka Marekani, na Aaron Mushengyezi aliyeingia 2020 ni mtu wa fasihi kutoka Makerere, na sidhani mwanafunzi wa nyuma darasani alisikia tofauti. Kwake yeye anayeamua ni mkuu wa idara, na mkuu wa idara ndo huyo utamkuta amezungukwa na karatasi za mitihani, anapanga ratiba, anampigia simu mhadhiri wa muda aliyekwama kwenye jamu ya Jinja Road, saa ngapi ataenda kukaa nyuma ya darasa la mhadhiri kijana aliyeajiriwa juzi amwambie hapa ulikimbia, hapa uliza swali usubiri?

Kuna wanaosema mkuu wa idara kukaa darasani na mhadhiri ni anasa, chuo kinaishi kwa ada, ukimpunguzia mkuu wa idara vipindi lazima uajiri mwingine, tena ukimlea mhadhiri vizuri chuo cha serikali kinamchukua kwa mshahara ambao kanisa haliwezi. Kweli kabisa, hilo la mshahara sina jibu lake. Ila hasara hiyo hiyo iko kwenye PhD, mtu akishavaa joho anaondoka, na bado tunalipia, tunamsainisha mkataba wa kurudi kufundisha basi. Kulea darasani ni bei rahisi kuliko hiyo, ni saa chache tu kila muhula.

Mimi ningeanza na wanaoajiriwa sasa hivi. Wazee waachwe kwanza, jamani, nani atamkagua profesa aliyemfundisha yeye mwenyewe?