Zana za kufundishia zimenigeuza muokota makopo

Jamani mi nilienda chuo kusomea ualimu, hakuna aliyenambia kwenye mazoezi ya kufundisha kuna kitengo cha kuokota makopo. Saivi nikiona boksi limetupwa mahali nasimama, naligeuza, naligonga gonga, moyoni nasema hili ni saa ya ukutani ya darasa la pili. Juzi nimeinama pembeni ya barabara nachagua vizibo vya chupa, mtu akasimama akaniuliza kwa upole kabisa, eti siku hizi kilo wananunua shingapi?

Na hivyo vizibo ndo usiseme. Nilikusanya 300, nikaviosha kimoja kimoja, nikagonga kingo zisije zikakata watoto, nikaingia navyo darasani kufundisha kujumlisha kwa makumi. Sijui kama ushawahi kusikia vizibo vya bati vinavyolia vikimwagika kwenye sakafu ya simenti, mara moja, halafu watoto wakagundua kumbe vinalia vizuri. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja dirishani akanitazama tu, hakusema kitu. Kuvihesabu wakati wa kurudisha ndo ikawa hesabu yenyewe, vikarudi 261.

Ukitaka kukwepa huwezi, maana kwenye andalio la somo kuna sehemu ya zana, ukijaza "ubao na chaki" msimamizi kutoka chuoni anakuangalia kama umemtukania mzazi. Kuna mwenzangu yeye kila siku anaandika "vitu halisi", somo likianza ananyoosha kidole dirishani, mti ule pale. Huyo ndo ana akili.

Mi kiherehere changu kikanipeleka kwenye sayari. Stoo ya shule nikakuta chati, mende wameshakula kona moja, nikaipangusa nikaibandika kwa madaha. Katoto ka dawati la mbele kakanyoosha mkono: ticha, Pluto si walishaitoa? Nikahesabu, kweli ziko tisa. Pluto imevuliwa usayari tangu 2006, kabla hako katoto hakajazaliwa, na mi nimeitundika mbele za watu. Nikasema vizuri sana, nilikuwa nawapima.

Usiku huo nikaapa natengeneza za kwangu, tena kwa vipimo. Dunia nikaifanya shanga ya sentimita 1. Mshtarii, yaani Jupita, upana wake ni kama mara 11, sawa, mpira wa makaratasi na gundi. Jua likagoma hapo hapo, mara 109, yaani dude la zaidi ya mita moja, mlangoni litapitaje? Nikasema ngoja nipige na umbali, shanga yangu inatakiwa ikae kama mita 117 kutoka kwenye Jua, huko nje kwa nje, na Neptuni ikaangukia kilomita 3 na nusu. Kipindi ni dakika 40, nimwambie msimamizi anyanyuke anisindikize Neptuni?

Vipimo nikavitupa, nikazitundika zote kwenye kamba moja mbele ya ubao, nikabaki na Zohali haina pete. Saa nane usiku, manila imeisha, makapeni yamekauka, nikaangalia jikoni nikaona kifuniko cha ndoo ya mama. Kidogo tu nikakitoboa katikati na kisu cha moto, pete ikakaa kama imezaliwa nayo.

Msimamizi alikuja, akaangalia kamba yangu kama sekunde tano hivi, akaandika "mwandiko wa ubaoni unapanda juu".

Mama mpaka leo anafunika ndoo yake kwa sinia na anaulizia kifuniko, na mi nashika tochi namsaidia kutafuta uvunguni.