Mwenye kazi ajibu kortini: kuhusu vijana wanaoifunza akili mnemba

Juni 2025, Meta, kampuni inayomiliki Facebook na WhatsApp, ilikubali kutoa zaidi ya dola bilioni 14 ili ipate asilimia 49 ya kampuni nyingine ya Marekani, Scale AI. Mazungumzo mengi baada ya habari hiyo yalimhusu mwanzilishi wake, Alexandr Wang, na ukubwa wa fedha zenyewe. Mimi nilikwama kwenye jambo jingine. Scale AI haikupata jina kwa kuuza simu wala kompyuta. Imekua kwa kazi ya kuweka lebo: kuchukua picha, sauti na maandishi, kisha kuyapa maelezo ili mashine ipate cha kujifunzia. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iligawiwa kupitia jukwaa lake la Remotasks, na vijana wengi wa Kenya walilitegemea kwa kodi ya nyumba na karo za wadogo zao. Machi 2024 jukwaa hilo lilifungwa Kenya. Vijana walipata barua pepe, akaunti zikafungwa, basi.

Kwa hiyo, katika muda wa miezi kumi na mitano, jasho lile lile lilionekana kuwa halistahili hata maelezo ya kutosha huku kwetu, na likathaminiwa kwa mabilioni kule kwao. Naandika kwa sababu naamini hilo si jambo la kuliacha lipite kama habari ya biashara. Anayefaidi kazi lazima ajibu kwa yule aliyeifanya, hata kama kati yao amewekwa wakala.

Watu wengi wanaotumia akili mnemba (AI) kila siku hawajui kazi hii ikoje. Mpwa wangu, aliyemaliza chuo akakaa muda mrefu bila ajira, aliwahi kunionyesha chumbani kwake Roysambu. Kwenye skrini kulikuwa na barabara yenye theluji, imepigwa picha na kamera ya gari. Alitakiwa kumzungushia mwendesha baiskeli mstari, nukta kwa nukta: kofia, bega, kiwiko, mkono ulioshika usukani. Baiskeli ina mstari wake, mwenye baiskeli ana wake. Kivuli hakimo. Akimaliza, inakuja picha inayofuata, ya mtu yule yule baada ya nusu sekunde, amesogea kidogo tu, na kazi inaanza upya. Mkaguzi akiona mstari umegusa kivuli anairudisha, na kazi iliyorudishwa hailipwi mpaka irekebishwe ikubalike. Nilimuuliza huo mji ni upi. Hakujua. Ila alijua kutofautisha mtembea kwa miguu aliyesimama na yule anayetaka kuvuka, kwa kumtazama magoti.

Ujuzi huo ndio gari linalojiendesha linaouhitaji. Anayelinunua gari ataambiwa limejifunza lenyewe.

Wala jambo hili si la jana. Mwaka 2009 Profesa Fei-Fei Li na wenzake nchini Marekani walitoa ImageNet, hazina iliyokuja kufikisha picha zaidi ya milioni 14, kila moja ikiwa imetajwa ina kitu gani ndani yake. Picha hizo zilipangwa na makumi ya maelfu ya watu kutoka nchi zaidi ya mia moja, waliolipwa senti kwa senti kupitia huduma ya Amazon. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2012, programu iliyofunzwa kwa picha hizo ilishinda shindano la kutambua vitu kwa mbali mno, na wanasayansi wengi hutaja ushindi huo kuwa ndio uliofungua zama tunazoziona leo. Majina ya wanasayansi yako vitabuni. Ya wale waliopanga picha hayako popote.

Lakini kuchora mistari ni upande mwepesi wa kazi hii. Upande mzito ulijulikana Januari 2023, jarida la TIME lilipochapisha uchunguzi kuhusu kazi iliyofanyika Nairobi kwa ajili ya OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT. Programu ile ilikuwa imelishwa maandishi ya intaneti yakiwa na uchafu wake wote, na kabla ya kuwafikia watu ilibidi iwekewe kichujio. Kichujio nacho hufunzwa kwa mifano. Kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa 2021 vijana walioajiriwa na Sama, kampuni yenye makao yake San Francisco, walikaa ofisini Nairobi wakisoma maelezo ya watoto wanaonajisiwa, mateso, mauaji na watu wanaojiua, wakiyatia kila moja kwenye fungu lake. Mkataba wa OpenAI na Sama ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Zilizomfikia mfanyakazi mkononi, kwa mujibu wa uchunguzi huo, zilikuwa kati ya dola 1.32 na 2. Sama ilijitetea kwamba fedha za mkataba zililipia pia gharama nyingine za mradi, na kwamba ushauri nasaha ulikuwapo. Wafanyakazi walisema ushauri huo haukutosha, na kwamba kulikuwa na shinikizo la kumaliza kazi haraka. Februari 2022 Sama ilijitoa kabla ya mkataba kwisha.

Fikiri kazi yenyewe. Mtu anasoma kisa cha baba na mwanawe mdogo. Hawezi kukiruka, kwa sababu lazima aamue kiingie fungu gani. Lazima akielewe vizuri kabisa. Jioni anapanda matatu kurudi nyumbani, na mkataba wa siri unamkataza kumsimulia mkewe alichokisoma. Mophat Okinyi, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, ameeleza hadharani jinsi alivyobadilika, akawa mtu wa kujitenga, mpaka ndoa yake ikavunjika. Julai 2023 yeye na wenzake walipeleka ombi kwenye Bunge la Kenya wakitaka kazi hii ichunguzwe. Nampa heshima kubwa. Ni rahisi kudai malipo yaliyopunjwa. Kusimama mbele ya watu na kusema kazi fulani imekuharibia akili kunahitaji moyo.

Ndugu zao ni wasimamizi wa maudhui wa Facebook, ambao kesi zao ndizo zimebeba suala hili kisheria. Daniel Motaung alitoka Afrika Kusini akaja Nairobi mwaka 2019 kwa Sama, kutazama video na picha zilizoripotiwa na kuamua zipi zifutwe. Alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao, akaachishwa kazi. Mei 2022 aliwashtaki Sama na Meta katika Mahakama ya Ajira jijini Nairobi. Mwaka uliofuata, Sama ilipofunga kitengo hicho na kuwaachisha kazi watu wapatao 260, wasimamizi 184 nao wakaenda kortini. Hawa hawakuwa Wakenya tu. Walikuwamo watu wa Ethiopia, Somalia, Uganda, Nigeria na kwingineko, kwa sababu Nairobi ndipo machapisho ya sehemu kubwa ya bara yalikuwa yakichujwa, kwa Kiamhari, Kitigrinya, Kisomali, Kihausa, Kiswahili. Vita vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, vilipowaka, aliyekuwa akizitazama maiti huenda alikuwa akitazama watu wa kwao. Desemba 2024 mahakama ilipokea ripoti ya daktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, iliyoonyesha kwamba zaidi ya 140 kati ya wasimamizi hao wana ugonjwa wa kiwewe unaojulikana kama PTSD.

Utetezi wa Meta ulikuwa mfupi: sisi si kampuni ya Kenya, hatufanyi biashara huko, hatukumwajiri yeyote kati ya hawa, mwajiri wao ni Sama. Utetezi huu ndio unaoniudhi kuliko yote. Maudhui ni ya Meta. Mfumo wanaoufungua kila asubuhi ni wa Meta. Kanuni za kipi kibaki na kipi kifutwe zimeandikwa na Meta. Kuja kusema mahakamani kwamba humjui mtu aliyeufagia uwanja wako kwa miaka ni kuwadharau waliofagia na kuidharau mahakama yenyewe. Mahakama ya Ajira ilikataa utetezi huo mwaka 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Tuutunze uamuzi huu kama mboni ya jicho, maana nchi nyingi zinazofanya kazi hii hazina mfano wake.

Badala ya kuutunza, wapo waliotaka kuubomoa. Mwaka huo huo wa 2024 ulipelekwa Seneti mswada wa kurekebisha sheria za biashara, wenye kipengele cha kumkinga mteja wa nje asishtakiwe na wafanyakazi wa kampuni aliyoipa kazi. Sababu iliyotolewa ni kuvutia wawekezaji na kuongeza ajira. Hoja hiyo siipuuzi. Nimewaona vijana wenye shahada wakiuza maji barabarani, na najua kwa wengine kazi ya kuweka lebo ndiyo iliyowapa kompyuta ya kwanza na kitanda cha kwanza. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, mji uliopitia vita vya miaka mingi, kazi hizi zilifika mahali ambapo waajiri wengine hawakutia mguu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, huambiwa vijana.

Sawa, wameinama. Sasa tuangalie kama kuinama kunazuia kazi isihame. Remotasks ilipoondoka, haikuwa Mahakama ya Ajira iliyoifukuza. Usimamizi wa maudhui nao ulipohamishiwa Accra, Ghana, haukupita muda mrefu kabla wafanyakazi wa huko kuanza kulalamikia mambo yale yale ya afya ya akili na mishahara, na kutafuta mawakili. Kampuni hizi huhama kwa hesabu zao, na sheria dhaifu haijawahi kuzifunga mguu. Nchi ikijipunguzia sheria ili ipendwe, kesho itatokea nyingine iliyopunguza zaidi. Ningependa kuona Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Ghana zikikubaliana masharti ya chini yanayofanana, ili wakala asiwe na jirani wa kumkimbilia.

Na kazi zenyewe zinabadilika. Kampuni sasa zinatafuta madaktari, wanasheria na waandishi wa programu wa kuisahihisha akili mnemba, kwa malipo mazuri zaidi, na wengi huajiriwa huko huko Marekani na Ulaya. Kazi za kuchora mistari zinaanza kufanywa na mashine zilizofunzwa na waliochora mistari. Kwa hiyo anayesema tusubiri sekta ikomae ndipo tudai haki anawaambia vijana wasubiri mpaka hawahitajiki.

Masharti ninayoyataka hayahitaji tume. Kwanza, mteja wa mwisho atajwe kwenye mkataba wa mfanyakazi, kwa jina, na awajibike pamoja na wakala kwa mshahara na madhara. Vijana wengi hufanya kazi miezi na miezi bila kujua wanamfanyia nani. Mradi hupewa jina la siri, na ukiuliza unaambiwa uangalie maelekezo. Pili, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 ieleze waziwazi kwamba kiwewe cha akili kilichotokana na kazi ni jeraha kama mkono uliokatwa na mashine. Na matibabu yasikome siku mkataba unapokwisha, kwa sababu ndoto mbaya hazisomi tarehe ya mkataba. Kuhusu mikataba ya siri, isiwe na nguvu ya kumzuia mtu kusema na daktari wake, wakili wake, chama chake cha wafanyakazi au mwenzi wake wa ndoa.

Chama wameshaanzisha. Tarehe 1 Mei 2023, Siku ya Wafanyakazi, zaidi ya watu 150 waliokutana Nairobi walipiga kura kuunda chama cha wasimamizi wa maudhui wa Afrika, wakiwamo waliofanya kazi za Facebook, TikTok na ChatGPT. Vyama vikubwa vya wafanyakazi vya nchi zetu vimezoea walimu, mabaharia na wa mashambani, na ofisi zao hazijui hata jinsi ya kumpata mtu anayefanya kazi kwa akaunti ya mtandaoni akiwa chumbani kwake. Waende wakajifunze kwa hawa 150.

Kwa aliye ndani ya kazi hii sasa hivi: weka nakala ya mkataba wako mahali pasipo kwenye kompyuta ya ofisi. Andika tarehe na saa ulizofanya kazi, na aina ya vitu ulivyotazama, bila kunakili vitu vyenyewe. Ukianza kukosa usingizi, nenda hospitali mapema na uombe iandikwe kwenye faili kwamba unahusisha hali hiyo na kazi yako. Daktari wa Kenyatta aliweza kuisaidia mahakama kwa sababu watu walikubali kupimwa na maelezo yao yakawekwa kwenye maandishi.